Mashine ya malaria isiyochoma kidole ijaribiwe na kwetu

MFANYABIASHARA anayevuka Mugina akitokea Kigoma na mzigo wake wa vitenge, kisha homa ikamshika usiku wa pili akiwa Buyenzi, anajua kitakachofuata. Asubuhi ataamkia kituo cha afya, muuguzi atamchoma kidole, tone la damu litawekwa kwenye kile kipande cha plastiki, na baada ya robo saa hivi mstari wa pili utatokea au hautatokea. Ukitokea, ataambiwa ana malaria na atapewa dawa.

Kuna swali ambalo pengine hataulizwa, kwa sababu foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Je, huko Kigoma alikotoka alitibiwa malaria siku za karibuni?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika Afrika hutafuta protini moja iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria huimwaga ndani ya damu. Dawa ikishaua vimelea, protini hiyo haiondoki siku hiyo hiyo. Inaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Hivyo mtu aliyekwisha kupona anaonekana bado mgonjwa. Anameza dawa mara ya pili, na ile homa iliyomleta kituoni, ambayo huenda ni ya kichomi au ya taifodi, haitafutwi na mtu yeyote.

Kosa la kinyume chake nalo lipo. Kuna vimelea ambavyo havitoi kabisa protini hiyo, na mwenye kuwa navyo anaweza kupimwa, akaambiwa hana malaria, akarudi nyumbani kufa. Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Ethiopia na Djibouti nako vimelea hivyo vimeonekana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nchi ibadili kipimo pale wagonjwa wanaokosewa kwa namna hiyo wanapozidi asilimia 5. Kimelea hakigongewi muhuri mpakani, na sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka tunapaswa kulijua jambo hili mapema kuliko wengine.

Tumeanza mbali kidogo, lakini kwa makusudi. Mwaka 2024 jarida la kisayansi la Nature Communications lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Kameruni. Madaktari wa huko, wakishirikiana na watafiti kutoka Marekani, waliwapima malaria watu wazima bila kuchukua hata tone moja la damu. Chombo kiliwekwa juu ya ngozi, pale mshipa unapopita, kikasikiliza. Hatujakosea neno: kikasikiliza.

Chombo hicho kinaitwa Cytophone, na ni mmoja wa watoto wa elimu ambayo wataalamu huiita fotoakustiki, yaani mwanga na sauti kwa pamoja. Msingi wake unaeleweka na kila aliyelala katika nyumba ya mabati. Jua la asubuhi linapoanza kulipiga bati, bati hulia. Linapata joto, linatanuka, na kutanuka huko kunatoa mlio. Alexander Graham Bell, yule yule tunayemkumbuka kwa simu, aliona mwaka 1880 kwamba mwanga uliokatwakatwa ukipiga kitu, kitu hicho hutoa sauti. Wakati huo haikuonekana faida kubwa ya jambo hilo kwa waganga.

Leo badala ya jua hutumika leza. Inapeleka mwanga kwa mapigo mafupi mno. Damu inaumeza mwanga huo, inapata joto dogo sana ambalo mtu hawezi kulihisi, inatanuka, na mlio unatoka. Masikio yetu hayausikii, kwa kuwa ni mlio wa aina ile ya ekografia, ambayo ndugu zetu waliokulia Tanzania huiita utrasaundi. Lakini chombo kilichobandikwa kwenye ngozi kinausikia na kuupima.

Sasa kimelea cha malaria kinapoingia katika chembe nyekundu ya damu, kinakula himoglobini iliyomo na kuacha mabaki, chembechembe za rangi ya kahawia iliyokoza zinazoitwa hemozoini. Mabaki hayo yanameza mwanga kuliko damu ya kawaida. Kwa hiyo chembe ya damu yenye kimelea inalia kwa nguvu kuliko jirani zake, na mashine inaitambua inapopita ndani ya mshipa. Haitafuti ile protini ya HRP2. Damu ya mgonjwa inabaki mwilini mwake, hakuna sindano, hakuna cha kutupa shimoni baada ya kazi.

Malaria si kazi yake ya kwanza. Chombo hicho kilianza kwa kutafuta seli za saratani ya ngozi zinazosafiri katika damu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kilizipata kwa wagonjwa 27 kati ya 28. Kwingineko elimu hiyo hiyo hutumika kupiga picha. Mwezi Januari 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha mashine inayochanganya leza na ekografia kwa wanawake waliokutwa na uvimbe wa titi, ili daktari aone jinsi damu na oksijeni zilivyo ndani ya uvimbe kabla ya kuamua kama sindano ya kutoa kinyama inahitajika. Ujerumani, madaktari wa Erlangen walionyesha mwaka 2017 kwamba wanaweza kufuatilia ugonjwa wa uvimbe wa matumbo kupitia ngozi ya tumbo. Mwanga haufiki mbali mwilini, ni sentimeta chache tu, hivyo asije mtu akadhani mashine hii itachukua nafasi ya ekografia ya mama mjamzito au ya skana ya kichwa.

Kwa nini basi gazeti la Bujumbura liandike tahariri juu ya leza, wakati kuna msomaji wetu anayepanga foleni ya mafuta ya gari?

Ni kwa sababu ya hesabu. Mwezi Machi 2017 waziri wa afya wa wakati huo, Josiane Nijimbere, alitangaza kwamba malaria imekuwa janga nchini. Tangu Januari ya mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa milioni 1.8 na vifo 700, na mwaka uliotangulia wagonjwa walizidi milioni 8. Mwaka 2019 wimbi likarudi, na hadi Julai wagonjwa walikuwa wamezidi milioni 5, katika nchi ya watu wapatao milioni 11. Wenye umri wanakumbuka pia la mwaka 2000 na 2001, lililopanda hadi Kayanza, Ngozi na Karuzi, huko juu ambako wazee walizoea kusema mbu ni wa Imbo. Wakati ule klorokwini ilikuwa imeshachoka, na Burundi ikaiacha mwaka 2003.

Katika hesabu hizo waliorudi kutoka kambini wana fungu lao. Wapo waliokaa Mtabila mpaka ilipofungwa mwaka 2012, na wapo walioanza kurudi mwaka 2017 kutoka Nduta na Nyarugusu. Mtu anatoka kambi moja ya Kigoma, anapitia kituo cha mapokezi, anapanda lori kwenda kilima cha babu yake, na ndani ya mwezi mmoja ameumwa na mbu wa sehemu tatu na kupimwa na wauguzi wa nchi mbili. Karatasi yake ya matibabu imeandikwa Kiingereza. Muuguzi wa hapa husoma Kifaransa. Mgonjwa mwenyewe anasema Kiswahili, na mara nyingi karatasi yenyewe ilishalowa mvua njiani. Mfanyabiashara wa ndagala au wa mawese kati ya Uvira na Bujumbura hana hata karatasi hiyo, kwa kuwa dawa aliinunua dukani, akameza vidonge viwili, vilivyobaki akamwekea mtoto.

Kipimo kinachoweza kusema kama vimelea vipo leo, na si kama vilikuwepo wiki mbili zilizopita, kingewafaa watu hawa kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Hapo ndipo tunapoliona jambo hili kuwa la kwetu.

Lakini tunaomba lisipokewe kwa vigelegele peke yake. Lina mambo ya kuulizwa, na moja limeandikwa juu ya miili yetu wenyewe.

Mashine inayotumia mwanga lazima ipitishe mwanga huo katika ngozi kwanza. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, na melanini humeza mwanga, ndiyo kazi yake aliyopewa na Muumba ili jua lisituunguze. Mashine iliyofundishwa kwa ngozi nyeupe inaweza kusikia kelele za melanini na kuzidhani ni za ugonjwa, au kelele hizo zikafunika zile zinazotafutwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakishirikiana na wenzao wa Brazil, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba picha za namna hii huharibika zaidi kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi, na wakapendekeza njia ya kuzisafisha. Walioshughulika na hilo wanastahili shukrani. Ila mtu ana haki ya kuuliza kwa nini lishughulikiwe baada ya mashine za kwanza kuwa tayari.

Si hadithi mpya. Wakati wa korona watu wengi walikifahamu kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni katika damu. Nacho hutumia mwanga. Mwezi Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara karibu tatu kuliko kwa weupe. Kifaa kilikuwa sokoni kwa miaka mingi na kilikuwa kimeshapelekwa Afrika kwa maelfu. Hakuna aliyekuja kutuuliza kabla.

Ndiyo maana jaribio la Kameruni lina thamani: lilifanywa kwa Waafrika, katika nchi ya malaria, kwa wagonjwa wa kweli. Hata hivyo lilikuwa dogo na lilihusu watu wazima. Malaria inaua zaidi watoto chini ya miaka 5, ambao mishipa yao ni myembamba na hawatulii. Tena kimelea kichanga, cha saa za mwanzo, bado hakijaacha hemozoini ya kutosha, hivyo kinaweza kupita bila kulia. Na hemozoini nayo inaweza kubaki kwa muda katika chembe nyeupe za damu. Kama mashine itamtofautisha aliyepona juzi na anayeumwa leo, hilo halina budi kuthibitishwa kwa watu wanaotibiwa mara kwa mara, yaani watu wa aina yetu. Halitathibitishwa Arkansas.

Kuna jambo jingine ambalo linatuudhi, na tutalisema.

Katika miji ya Afrika Mashariki vimeenea vifaa vya kushika mkononi vilivyounganishwa na kompyuta ndogo. Mteja anashika kile kijiti cha chuma dakika moja, kompyuta inatoa kurasa nyingi: ini, figo, nguvu za kiume, mifupa, sukari, kila kitu. Mwisho wa kurasa anauziwa mfuko wa virutubisho kwa bei ya mtaji wa mwezi mzima. Kifaa hicho hakipeleki mwanga mwilini, hakisikilizi sauti, hakichukui damu. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kinapima ugonjwa wowote. Lakini kinapendwa, na wanaokamatwa zaidi ni wafanyabiashara wanaotembea, kwa kuwa hawana muda wa kusubiri hospitalini, na waliorudi juzi, kwa kuwa hawajui daktari wa kweli yuko wapi.

Sasa fikiria habari za mashine ya kweli inayopima malaria bila kuchoma kidole zikifika sokoni kwa Siyoni. Mwezi hautaisha kabla hujamkuta mtu mwenye taa nyekundu na spika akikwambia hiyo ndiyo leza ya Marekani. Kwa hiyo tunaandika wazi: hadi tunapoandika haya, chombo hicho ni cha watafiti. Hakiuzwi Bujumbura, hakiuzwi Kigoma, hakiuzwi Uvira. Atakayekuambia anacho kwenye begi, mwache na begi lake. Na wenye mamlaka ya kusimamia dawa, pamoja na Wizara ya Afya, wasisubiri mtu afe ndipo watoe tangazo; wapite masokoni na kwenye maegesho ya mabasi, na walitangaze kwa Kirundi na kwa Kiswahili redioni, si kwa barua ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani.

Turudi kwenye mashine ya kweli. Tunaishauri Wizara ya Afya, kupitia Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii (INSP) na mpango wa taifa wa kupambana na malaria, iwaandikie wanaofanya utafiti huo na kuiomba Burundi iwe moja ya sehemu za majaribio yajayo. Tusingoje kuletewa. Tuna Chuo Kikuu cha Burundi chenye kitivo cha tiba na hospitali ya Kamenge. Tuna Imbo yenye malaria mwaka mzima na vilima vyenye malaria ya msimu, mwendo wa saa chache kati yake. Tuna watu wanaovuka mipaka kila siku. Nchi gani ina uwanja mzuri wa kujaribia kuliko huu?

Wapo watakaosema tunageuzwa panya wa maabara. Hofu hiyo ina sababu zake, na haifutwi kwa kuizomea. Jaribio lipite kwanza kamati ya taifa ya maadili ya utafiti. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha ya mgonjwa. Atakayekataa atibiwe kama kawaida, na kila anayepimwa kwa leza apimwe pia kwa darubini, ili mtu asikose dawa kwa sababu ya majaribio. Chombo cha Kameruni kimeshatumika kwa binadamu, hakitoi mionzi ile ya eksirei. Kwa maoni yetu hatari kubwa ni ile ya kutokuwepo wakati mashine inafundishwa, kisha kuinunua ikiwa imekwisha kufundishwa kwa ngozi nyingine.

Katika makubaliano hayo suala la fundi liandikwe mwanzoni kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohesabu vifaa vya hospitali katika nchi 16 maskini, ulikuta asilimia 38 hivi havifanyi kazi. Sababu zinajulikana na kila aliyewahi kuingia stoo ya hospitali: umeme unaoruka, kipuri kisichopatikana, mtu aliyefundishwa kukitumia amehamia kwingine. Leza ni kitu kinachodeka. Na nchi ambayo imepita miaka ya upungufu wa mafuta na fedha za kigeni haiwezi kuagiza fundi kutoka ng'ambo kila taa inapozimika. Kijana wa hapa afundishwe kuifungua na kuifunga kabla haijawashwa mara ya kwanza.

Wakati hayo yakiandikiwa barua, kipimo cha kuchoma kidole kiendelee na kiheshimiwe. Tulichokisema juu yake mwanzoni si sababu ya mtu kukikimbia. Kimeokoa watu wengi, ni cha bei ndogo, na mhudumu wa afya wa kilimani anaweza kukitumia bila umeme. Aliyetibiwa malaria ndani ya mwezi mmoja na homa ikarudi aombe kupimwa kwa darubini pale ilipo, maana darubini huona kimelea chenyewe. Na amwambie muuguzi bila kuulizwa: nilimeza dawa fulani, mahali fulani, siku fulani.

Hilo la mwisho Wizara inaweza kulisaidia kwa gharama ya karatasi. Kadi ndogo inayoingia mfukoni, yenye mistari mitatu tu, tarehe ya kupimwa, jina la dawa, siku dawa ilipoisha, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, itolewe na kila kituo kwa kila anayetibiwa malaria, na wenzetu wa Kigoma na Uvira waombwe kuijaza pia. Vikao vya mikoa ya mpakani vimekuwa vikizungumzia ushuru na usalama. Hiki nacho kinaweza kuingia kwenye ajenda. Na pale Mugina, Kobero na Gatumba, ambako msafiri hupimwa joto la mwili kila mlipuko unapotangazwa, swali la "ulimeza dawa ya malaria lini?" linaweza kuanza kuulizwa Jumatatu ijayo. Halihitaji leza.